Land Rover 109 ya mzee imelala chini ya mwembe, nianze na gari au nianze na banda?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kibaha, nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, ametuachia Land Rover 109 Series III ya petroli, aliinunua mnadani zamani. Imesimama chini ya mwembe tangu 2013. Nimejikusanya nina kama milioni sita, na kando ya nyumba nina banda la bati, chini ni mchanga mtupu. Fundi wa hapa mtaani kaniambia tuanze kunyoosha bodi na kupiga rangi, halafu tung'oe injini tuweke ya Hiace ya dizeli. Nataka Desemba nipande nayo Moshi na wanangu. Nianze na gari au na banda? Na huyu fundi nimsikilize?"

Marahaba dada, na pole ya mzee hata kama ni siku nyingi.

Huyo fundi simjui na sitaki kumharibia riziki, ila mpangilio wake umekaa kichwa chini miguu juu, kaanza na kile kitakachoonekana kwenye picha. Rangi ni ya mwisho kabisa na ikibidi iache hata mwaka ujao. Injini ya Hiace nitakuja kuisema. Banda linaanza, na nikisema banda simaanishi bati wala ukuta, namaanisha chini, pale penye mchanga.

Nikuambie kwanini nakazania sakafu. Nilikuwa kijana najifunza kazi Morogoro, tunabadilisha tairi la nyuma la 109 kama hiyo yako, uwanja wa udongo wenye mteremko mdogo hata huuoni kwa macho. Nimevuta hendibreki mpaka mwisho, nimetia jeki, nati nimeshazilegeza, tairi likanyanyuka kama vidole vitatu hivi kutoka chini, gari ikaanza kuondoka. Bila kelele yani, inaenda tu. Jeki ikalala, chuma kikashuka kikachimba udongo shibiri moja kutoka kwenye goti langu. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza, aliniuliza tu "hendibreki ya gari hii inashika nini?" nikakosa jibu.

Jibu ni hili na ulikariri: hendibreki ya hizi gari haishiki tairi kama Corolla. Ina diramu moja tu nyuma ya transfa, lile boksi la pili la gia, inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Sasa ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, inalipatia uhuru, la hewani linazunguka kinyumenyume na lililobaki chini linazunguka linakotaka, hendibreki umeivuta lakini gari ni huru kabisa. Kwahiyo siku zote tia kabari matairi ya mbele, mbele na nyuma yake, kabari za mbao ngumu na siyo kipande cha tofali. Tofali linapasuka. Na gari isikae juu ya jeki mtu akaingia chini, inakaa juu ya stendi za chuma mbili, na stendi kwenye mchanga inazama upande mmoja polepole mpaka siku gari inaanguka. Ndo maana nasema sakafu.

109 ina urefu wa mita 4.4 hivi na upana kama mita 1.7, kwahiyo sakafu ya mita 7 kwa 4 inakutosha uzunguke gari yote milango ikiwa wazi na meza ya kazi ikae kwa mbele. Toa ule mchanga wa juu, jaza kifusi, shindilia kweli kweli na siyo kukanyagakanyaga, tandika nailoni, weka nondo za wavu zile za BRC, mwaga zege sentimita 15, saruji moja mchanga mbili kokoto nne. Iinamie kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke ila kidogo sana, umeshaona mteremko ulinifanya nini. Halafu mwagilia asubuhi na jioni wiki nzima, funika na viroba vilivyolowa, na gari usiipandishe mpaka siku 28 ziishe, mafundi ujenzi watakwambia wiki inatosha, wao hawataingia chini ya gari. Zege lisugue liwe laini maana nati ikidondoka kwenye zege la kukwaruza inapotea kama sindano.

Watu watakushauri uchimbe shimo la kuingilia chini ya gari. Usichimbe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia humo shimoni hata siku nzima, mtu anaingia na globu ya moto au anagonga chuma, cheche moja basi. Na masika ya Pwani litajaa maji, na watoto wako watatumbukia. 109 iko juu vya kutosha, unaingia chini yake na kipande cha boksi mgongoni mambo yanaenda. Kwa sababu hiyohiyo ya mvuke soketi za umeme zikae juu, usawa wa kiuno kwenda juu, na taa ya kushika mkononi iwe ya LED ya kuchaji. Juu badilisha bati mbili weka zile za kupitisha mwanga, hakuna pesa ndogo itakayokusaidia kama hiyo. Mlango usipungue mita 2 na nusu kwenda juu, gari yenyewe inazidi mita 2, na nimeshaona mtu amejenga gereji nzuri sana ya gari isiyoingia. Meza ya kazi miguu iwe ya chuma kwa sababu ya mchwa, funga vaisi nzuri moja hapo, mtungi wa zimamoto wa poda kavu utundikwe mlangoni na siyo ndani kabisa, maana ukiwaka moto unataka uukute ukiwa unatoka.

Kitu kingine cha kununua mapema ni spana za inchi. Nati nyingi za Series III ni za inchi, 7/16, 1/2, 9/16, na fundi wako akija na boksi la milimita utaona spana namba 13 inaingia vizuri tu kwenye nati ya nusu inchi. Inaingia lakini inacheza, kwasababu nusu inchi ni milimita 12.7, anavuta, kona zinaisha, anachukua plaizi, afu anachukua patasi, afu anakuambia "dada hii nati imekufa". Haikufa, imeuawa. Nenda Gerezani, pale Dar, ukatafute seti ya inchi hata iwe ya mtumba, na kopo la mafuta ya kulegeza kutu, upulize leo, upulize na kesho, nati utazifungua wiki ijayo.

Sasa zile siku 28 za zege gari iko bado chini ya mwembe na kazi ipo. Kwanza chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, lala chini, gonga chesisi toka mbele mpaka nyuma. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu kwahiyo inaonekana nzima miaka yote, inakudanganya, chesisi chini yake ni chuma cha kawaida na hewa ya Pwani inakila, tena kinaoza kuanzia ndani maana ni bomba la pembe nne na tope linakaa humo. Chuma kizima kinalia ngaa, kilichooza kinajibu dufu, na bisibisi inazama. Kazania pale springi zinapofungwa, ile mikono inayotoka kwenye chesisi kwenda kubeba bodi, na lile boriti la nyuma kabisa. Ndani nyanyua mkeka angalia pale miguu ya dereva inapokaa, hapo pia ni chuma. Unapoona unga mweupe kwenye aluminiamu iliyogusana na chuma usiogope sana, huo ni ugomvi wa metali mbili penye unyevu, unasafishwa. Sasa ona, huyu fundi angekuwa ameshapiga pati na rangi ya kijani inayong'aa juu ya chesisi iliyotoboka, na wewe ungekuwa umeshalipa.

Kazi ya pili ya kipindi hicho ni injini. Usipige stata! Najua unatamani kuisikia lakini imelala miaka zaidi ya kumi, ringi zinaweza kuwa zimegandana na silinda. Fungua plagi nne zote, mimina oili nyepesi kidogo, kama kifuniko cha soda mara mbili tatu, kila tundu, rudisha plagi kwa mkono tu, iache siku nne tano. Halafu fungua tena plagi, tafuta hendeli. Nyuma ya siti au kwenye boksi la spana la mzee lazima ipo, chuma kirefu chenye mkunjo, inaingia pale mbele katikati ya bampa. Shika hendeli kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie, kwasababu siku ile plagi zikiwepo na injini ikirudisha teke itakivunja gumba na hiyo siyo hadithi, waulize madereva wa zamani. Vuta toka chini kuja juu. Ikizunguka hata kwa uzito umeshapona. Ikigoma usilazimishe wala usiwaite vijana wasukume, ongeza oili subiri wiki nyingine.

Kabla ya yote angalia kwenye chujio la hewa, hizi zina bakuli la oili chini, utakuta pale panya wamejenga au nyigu wameziba na udongo. Eksozi pia chungulia. Na waya, panya wa Kibaha wanapenda sana waya, fuata waya mmoja mmoja, na kila taa isiyowaka anza na waya wake wa asi, ule unaofungwa kwenye bodi, kabla hujanunua taa, mara nane kwenye kumi ni kutu pale unapogusana na bodi.

Gari ikishasukumwa ikaingia bandani, breki ndo zinaanza, kabla hujaisikia injini ikinguruma. Watu wote wanaanza na injini kwasababu inafurahisha, afu inawaka, afu mtu anasema ngoja niizungushe kidogo hapo nje, na breki hana. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, miaka kumi humo ndani ni maji na kutu. Usijaribu "kuongezea mafuta tu". Badilisha mpira wa masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, au masta yenyewe, badilisha wili silinda zote, zile za kwenye tairi zinazosukuma lainingi, na ile mipira mitatu inayokwenda kwenye matairi hata kama kwa nje inaonekana mizima, kwa ndani inavimba, mafuta yanakwenda ukikanyaga lakini hayarudi, tairi linabaki limeshikwa linachemka mpaka linanuka. Mbele 109 ina wili silinda mbili kila tairi kwahiyo usishangae fundi akikwambia anataka nne za mbele na mbili za nyuma, hakuibii. Na kila lainingi ya mbele ina adjasta yake, nati inayotokeza nyuma ya diramu, unaikaza mpaka tairi ligome halafu unalegeza mpaka lizunguke kwa kugusa kidogo. Pedali ikishuka sana chini mafundi wengi wanakimbilia kutoa upepo mara sita, kumbe ni hizo adjasta tu hazijaguswa.

Baada ya hapo injini haina makuu. Mwaga petroli yote ya zamani, harufu yake utaijua, imekuwa kama rangi ya kucha, tanki lisafishwe na lisichomelewe na mtu yeyote eti limekauka, tanki lililokauka ndo linalolipuka. Kabureta ifunguliwe isafishwe. Oili mpya 20W-50 na chujio. Giaboksi, transfa, difu zote mbili mwaga uweke oili ya gia EP90, na usisahau yale mabakuli ya duara ya mbele pale tairi linapokatia kona, nayo yana oili yake na kwa kawaida yameshavuja yamekauka. Pointi za ndani ya distribyuta sugua na msasa laini, nafasi yake milimita 0.35 mpaka 0.40, mpangilio wa moto wa silinda 1-3-4-2, nafasi ya tapeti zote inchi 0.010, za valvu ya kuingiza na ya kutoa sawa. Mi napenda sana injini hii kwasababu hayo niliyoandika kwenye aya moja ndo karibu kila kitu.

Radieta suuza mpaka maji yatoke meupe, mipira yote mipya, na ukimsikia fundi anasema "tung'oe themostati ili isichemshe" mwambie hapana. Ni ugonjwa wa mafundi wetu huu. Themostati nzima haichemshi gari, gari inachemsha kwasababu radieta imeziba, na ukiing'oa injini inatembea ya baridi safari nzima, inakula mafuta na inaisha haraka.

Matairi angalia ubavuni, mwisho wa yale maandishi ya DOT kuna namba nne, mfano 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Hata kama vijino vimejaa kama mapya hayo ni ya bustani, panda maua. Saizi yake ya 7.50-16 ni ileile ya Canter nyingi kwahiyo kupata hutahangaika.

Haya, injini ya Hiace. Namuelewa fundi wako, hii lita 2.25 ya petroli inakunywa kweli, kwenye 109 iliyopakia hesabu kilomita tano sita kwa lita, na Kibaha mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, piga mwenyewe inakuja karibu lita mia kwenda tu. Lakini ukitia dizeli unakata na kuchomelea maungio mapya kwenye chesisi ambayo hatujui hata kama ni nzima, unatengeneza pleti ya kuunganisha na giaboksi, radieta haitoshi, na namba ya injini kwenye kadi hailingani tena na iliyomo kwenye gari, hapo unaanza safari nyingine ya TRA, mamlaka ya mapato. Na ikishindikana nusu njia unabaki na gari isiyo Land Rover wala Hiace, nimeziona nyingi tu zimeota majani. Gari ya kutembea mara tano kwa mwaka haihitaji hiyo, tofauti ya mafuta huwezi kuirudisha. Kama ungekuwa unapeleka maziwa kila siku ningekuwa na maneno mengine.

Kitu ambacho hukuniuliza na kitakusumbua kuliko breki ni kadi. Kama bado iko jina la mzee, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndo aihamishe kwenda kwako, na hilo lina foleni zake, lianze wiki hii wakati zege linakauka. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ile ya stika ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, ila nenda TRA na namba ya gari waangalie kama kuna deni la nyuma, usije kulisikia barabarani. Kagua namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma inafanana na ya kwenye kadi, gari za mnada wa zamani huwa zina vituko. Bima bila shaka.

Kwenye pesa, milioni sita siwezi kukuambia itatosha mpaka nyundo iongee. Ukiniruhusu nikugawie, sakafu, mwanga na spana zisizidi theluthi moja, inayobaki iende breki, matairi, mipira na oili, na kiasi kidogo kifichwe huyo fundi asikione.

Safari ya kwanza ni kuzunguka uwanja, unashika breki mara ishirini. Ya pili mpaka dukani. Halafu gusa diramu zote nne kwa kiganja, moja ikiwa moto kuliko wenzake irudi ndani. Halafu Mlandizi na kurudi, ukifika kaza nati za matairi tena, angalia chini imedondosha nini na wapi, weka boksi kuukuu chini usiku kucha asubuhi usome madoa. Halafu Chalinze kwa mchana wa jua kali, ukiwa na maji, fenibelti ya akiba, pointi na kondensa ya akiba. Ikienda Chalinze mara tatu bila kugombana na wewe, basi Segera, Korogwe, Same inafika, kwa spidi ya 70 mpaka 80 usizidishe, basi zikupite tu, kelele ndani zitakuwa kubwa na watoto watalala hivyohivyo.

Kwahiyo Desemba hii inawezekana endapo chesisi ni nzima. Nitumie picha za pale bisibisi ilipogusa, hasa maungio ya springi za nyuma. Bisibisi ikizama hapo, kata tiketi ya basi mapema dada, maana tiketi za Moshi mwezi huo unazijua mwenyewe.